Shilingi 60,000, boti, na maji ya Sabaki: jibu kwa katibu wa kamati ya kijiji

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya kijiji chetu, upande wa Magarini, ukishavuka daraja la Sabaki kutoka Malindi. Maji yalituingilia 2023 na tena 2024. Mwaka jana shirika moja lilituita warsha, likatuandikia mpango wa dharura wa kurasa arubaini kwa Kiingereza. Uko kwa chifu, na sijui kama kuna aliyeusoma. Sasa kikundi kimechanga shilingi 60,000 na vuli inakaribia. Vijana wanataka boti. Kina mama wanataka mahema. Mzee wetu mmoja anasema cha kuogopa ni tsunami, mto tumeuzoea. Tuanze na nini, na sisi wenyewe tuandike nini?

Jibu: Bi Katibu, boti msinunue. Naanza na hilo kwa kuwa najua vijana wako watalitafuta kwanza. Shilingi 60,000 hazileti boti na injini ya kuaminika, na hata zingeleta, boti humfaa mtu aliyekwisha kuchelewa. Nyinyi wa Sabaki mna bahati ambayo wenzenu wanaokaa chini ya milima hawana: maji yenu hutanguliwa na habari. Kazi ya kamati ni kuipokea hiyo habari, kujua ni ya nani ya kuaminika, na kuwa mmekwisha kuamua, kabla haijafika, nani atafanya nini. Mahema, matangi na mablanketi hufuata baada ya hapo.

Tuanze na mto wenyewe, maana watu wetu wengi huangalia mbingu ya Malindi. Mvua inayowafurikisha hainyeshi kwenu. Maji haya huanza nyanda za juu za Nairobi na Kiambu yakiitwa Athi, hupita Machakos, Makueni na Kitui, hukutana na mto Tsavo unaoteremka kutoka upande wa Kilimanjaro, na kuanzia hapo huitwa Galana. Galana hukata mbuga ya Tsavo Mashariki, hupita Lango la Sala, Chakama na Baricho, na ukifika kwenu ndio Sabaki. Kwa hiyo siku ya jua kali Mambrui, watoto wanacheza mpira, yaweza kuwa ndiyo siku ambayo maji ya kuwahamisha yako Tsavo. Aprili 2024, watu wa mji wa Athi River walipokuwa wakitoa vyombo vyao nje, maji yale yalikuwa na njia moja tu ya kwendea baharini, nayo inapita kwenu.

Yanachukua muda gani? Mto huu ni wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana, na kipimo chake kinachotajwa sana ni kilomita 390. Tuchukue mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kilomita tano kwa saa: ni saa 78, siku tatu na ushei. Mafuriko makubwa huweza kwenda mbio kuliko hivyo, na yakitawanyika mabondeni hupunguza mwendo, kwa hiyo msiishike hesabu hii kama aya. Shikeni tu kwamba kwa maji ya bara mnahesabu siku. Kuna jambo moja la kuiharibu hesabu hiyo: mvua kubwa ikipiga karibu, Chakama au Garashi, vijito vya huko humwaga mtoni kwa saa chache, na mto uliokwisha kujaa hauna pa kuyaweka.

Basi mnaposikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, msiishie kwenye mstari wa Pwani. Sikilizeni Nairobi, Machakos, Makueni, Kitui, Kajiado na Taita Taveta. Na msikamatwe na neno El Niño, lile joto la Bahari ya Pasifiki, peke yake. Vuli za 1997, 2019 na 2023 zilizidi kipimo kwa kuwa, pamoja na mambo mengine, Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto lisilo la kawaida huku upande wa Indonesia ukiwa umepoa. Mwaka 2019 El Niño kubwa haikuwapo, na mvua zilimwagika vilevile. Kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Mtafuteni wa Kilifi, muombeni aiweke namba ya katibu na ya mwenyekiti kwenye orodha anayotumia kupeleka ilani zake. Ni kazi ya dakika kumi, na vijiji vingi havijaifanya.

Hapa kuna mtego unaowanasa watu wa Magarini kila msimu. Redio hutangaza kwamba mabwawa ya Seven Forks yamejaa, Masinga inamwagika, watu wa chini wahame. Hayo ni maji ya Tana: onyo la Garissa, Hola, Garsen na vijiji vya delta. Sabaki haina mlolongo wa mabwawa kama ule. Mtu akihama kwa tangazo lisilokuwa lake, akakaa siku tatu shuleni, akarudi akakuta kumekauka, tangazo la pili hata liwe lake hatalisikia. La Tana litawahusu kwa njia nyingine, yaani barabara: Novemba 2023 maji yaliikata njia ya Garsen kwenda Lamu, na biashara ya upande huo ikakwama. Kwa hiyo mkisikia tangazo, swali la kwanza kikaoni liwe moja tu: ni mto gani?

Habari bora kuliko ya redio mtaitengeneza wenyewe, na haihitaji mtambo. Tafuteni watu wawili watatu wanaokaa ukingoni juu yenu: mmoja Chakama, mmoja upande wa Lango Baya na Baricho, mmoja Garashi. Wawe ni watu walioko pale kila siku, mwenye duka, mwalimu, mlinzi wa pampu, si mtu wa heshima anayeshinda mjini. Mtieni kila mmoja salio la simu mwanzo wa msimu, achague mti au jiwe lake la kupimia, na mto ukianza kuvimba apige. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vipimo vyake kwenye mto, na ni vyema chifu awaunganishe nao, lakini mlinzi wa pampu atawapigia saa nane usiku bila kuandikiwa barua.

Kisha nunua daftari. Andika: Garashi maji yalifika kwenye mti Jumatatu saa tatu asubuhi, kwetu yalipanda saa ngapi, kimo gani. Fanyeni hivyo hata kwa mafuriko madogo ambayo hayamhamishi mtu. Msimu mmoja wa daftari hiyo utawaambia muda wenu halisi kati ya simu na maji, jambo ambalo mimi siwezi kuwaambia kutoka mbali, wala yule aliyewaandikia kurasa arubaini.

Sasa alama zenu wenyewe. Chukua asubuhi moja mtembee ukingoni na wazee, wanawake kwa wanaume, kwa maana anayechota maji huijua njia yake kuliko anayesimulia kibarazani. Waulize: 1997 yalifika wapi, 2018 wapi, 2023 wapi. Kwenye nyumba za udongo zilizosimama, mstari mara nyingi ungali ukutani, chini rangi ya tope, juu ile chokaa ya zamani, na ukichunguza utaona majani makavu yaliyonasa kwenye fito kimo cha kiuno. Pigeni rangi hapo. Lakini mstari wa 1997 usifanywe dari. Mto huu huleta udongo mwingi sana kutoka mashamba ya bara. Tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi lilipopimwa, lilionyesha kwamba udongo wa Sabaki ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yalipofunguliwa huko juu. Njia ya mto inahama, mchanga unapanda, na maji yaleyale yanaweza leo kufika ambapo zamani hayakufika. Ongezeni juu ya alama ya wazee, msipunguze.

Kutokana na hayo wekeni nguzo mbili za kuamulia, mahali ambapo kila mtu anapita. Moja nyeupe, moja nyekundu. Maji yakigusa nyeupe, au simu ya Garashi ikisema mti wake umefikiwa, wanaondoka wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga, wasioweza kutembea, na mifugo. Yakikaribia nyekundu, kila mtu. Msiweke alama tano na rangi za bendera, usiku wa mvua hakuna atakayekumbuka manjano ilimaanisha nini.

Na nani anaamua? Mtu mmoja, na mwenzake wa kushika nafasi akiwa hayupo. Si kikao. Nimeona mafuriko yakiwakuta watu wakingojea chifu arudi kutoka mkutano wa wilaya. Chifu apewe habari, naibu kamishna apewe habari, msimamizi wa wadi apewe habari, lakini ruhusa ya kutangaza itolewe kikaoni sasa hivi, jua likiwaka, iandikwe kwenye daftari, na chifu mwenyewe atie sahihi. Mkubaliane pia, kwa sauti, kwamba kuna safari mtahama bure. Anayeamua akiogopa kuchekwa atangoja mpaka awe na hakika, na hakika huja pamoja na maji.

Mimi huweka mkazo mkubwa kwenye saa. Uamuzi ufanywe kabla ya Magharibi. Ikiwa alasiri mna shaka, hameni alasiri. Mamba na viboko wa mto huyafuata maji mashambani, njia haionekani, na watoto hupotezana mikono. Maji yanayokwenda, ya kimo cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huinua gari dogo. 60 huchukua magari mengi makubwa. Waambieni vijana wa bodaboda hizo namba, kwa sababu wao ndio hujaribiwa kuvusha watu kwa shilingi mia, na pikipiki haina hata uzito wa gari dogo.

Hata hivyo, kwa kijiji chenye taarifa ya siku mbili, wengi wanaonaswa na maji hawakukosa kusikia. Walisikia, wakakaa. Nendeni nyumba kwa nyumba muulize kwa nini walikaa 2023, na majibu mtakayopata ndiyo yatakuwa mpango wenu. Kwanza utasikia mbuzi. Mtu hawezi kuacha mbuzi wanane akaenda kulala kwenye darasa, kwa hiyo mbuzi wawe na mahali pao pa juu, wametengewa boma, na wahame kwanza, mwenyewe atawafuata. Utasikia mahindi: yamebakisha wiki mbili. Hapo lazima mzungumze mapema juu ya kuvuna mabichi, na mkumbuke kwa nini watu wako ukingoni. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa, shamba la juu halikutoa kitu, na mkulima akateremka kwenye unyevu. Anayemwambia ahame bila kumwambia atakula nini amemwambia nusu ya maneno. Utasikia wezi: wekeni vijana wa zamu wanaojulikana kwa majina, wakae mahali pa juu panapoonekana kijiji, wasilale ndani ya nyumba zilizo chini. Na utasikia, kwa sauti ya chini, kwamba mume yuko kazini Mombasa na hakutoa ruhusa ya kuhama. Msilidharau. Wapigieni waume simu sasa, kabla ya msimu, kila mmoja aseme mbele ya mkewe kwamba nguzo ikiguswa, aondoke, asipige simu kuuliza.

Tangazo lenyewe liandikwe tayari, lisitungwe siku hiyo. Kama hivi: “Maji yamepita alama Garashi. Tunahamia shuleni leo kabla ya Magharibi. Mbuzi wanakwenda sasa. Njia ni ya juu, ya mwembeni. Ya mtoni imefungwa. Chukua kitambulisho, dawa, maji ya kunywa na leso kavu.” Lisomwe kwenye kipaza sauti cha msikiti na kanisani, na lisomwe kwa Kigiriama pia, na mtu ambaye sauti yake inajulikana. Ukisema “wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari” umepoteza pumzi.

Hiyo ndiyo karatasi yenu: ukurasa mmoja. Juu, nguzo mbili na maana yake. Katikati, majina: nani anaamua, nani anapokea simu za juu, nani anapita nyumba za upande gani, nani anambeba bibi yule asiyeona. Chini, tangazo na namba. 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 999 au 112 za dharura, ziko bure; namba nyingine zote zipigeni sasa muone zipi zingali hai. Bandikeni dukani, kwenye zahanati na kwenye mlango wa madrasa. Zile kurasa arubaini zisitupwe. Ndani yake pengine mna ramani na hesabu ya nyumba, na siku mtakapoomba fedha serikalini zitawafaa.

Kuna jambo ambalo watu wa bara hawaliweki kwenye mipango yao na nyinyi hamna budi: bamvua. Mko karibu na mlango wa mto. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na bamvua la pwani yetu hujaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni. Mafuriko yakifika wakati huo, mto haupati pa kumwagia, maji hurudi nyuma na kutanda. Mafuriko yaleyale yakija wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, yangewapita kimo cha goti. Kwa hiyo siku za bamvua shusheni nguzo, yaani hameni maji yakiwa bado chini ya alama. Hapa hamhitaji mtaalamu, kila mvuvi wa Mambrui anazo saa hizo kichwani. Muwekeni mmoja ndani ya kamati.

Maji ya kunywa. Bomba la Malindi, Kilifi na hata Mombasa hutegemea visima vya Baricho, na Baricho iko kando ya mto huuhuu. Mafuriko yakivunja bomba kubwa au yakikata umeme wa pampu, mabomba ya mjini hukauka siku ambayo nje kumejaa maji. Basi nguzo nyeupe ikiguswa, kila dumu lijazwe. Viwango vya kimataifa vya misaada vinavyojulikana kama Sphere vinahesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Watu 200 shuleni ni lita 3,000 kila siku. Tangi la lita 5,000 halifikishi siku mbili. Na maji ya mto huwezi kuyatia klorini hivihivi, kwa kuwa tope huila dawa. Yaacheni yatulie, au tieni shabu, chujeni kwa leso safi iliyokunjwa mara nne, ndipo mtie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, mngoje nusu saa. Vyoo vya shimo vya bondeni vikifurika, kipindupindu hakiko mbali. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha si vya kurundika, anywe kidogokidogo huku akipelekwa zahanati. Maji ya kuharisha yakiwa meupe kama ya mchele, msingoje asubuhi.

Kuhusu mahema, nawaelewa kina mama, wanataka stara. Lakini hema moja halistiri familia tatu, na kwa joto la Magarini hema la turubai mchana halikaliki. Msalaba Mwekundu huwa na mahema. Nyinyi tafuteni vitu ambavyo havitaletwa siku ya kwanza: madarasa mangapi mtapewa na nani ana funguo Jumapili usiku, chumba gani ni cha wanawake, vyoo viko wapi na kuna taa njiani au hapana. Kwa mwanzo choo kimoja kwa watu 50 hukubalika, na vya wanawake vitengwe, vifungike kwa ndani. Mwalimu mkuu aulizwe mapema watoto watasomea wapi, la sivyo wiki ya pili mtagombana naye, na haki itakuwa yake.

Mzee wenu wa tsunami msimpuuze, anakumbuka jambo la kweli. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika chini ya bahari ya Sumatra kukiwa kwetu karibu saa kumi alfajiri, na mawimbi yakafika pwani ya Kenya mchana. Mtu mmoja alikufa Kenya nzima, hapo Malindi, akiwa majini. Somalia walikufa karibu 300. Tulisalimika kwa mambo mawili: maji ya bahari yalikuwa hayajajaa, na habari zilitutangulia kutoka Asia, polisi wakawatoa watu ufuoni. Tangu 2011 kuna mfumo wa Bahari ya Hindi unaoendeshwa na Australia, India na Indonesia, na ilani zake hupokelewa na Idara ya Hali ya Hewa. Kwa tsunami ya mbali kama ile hamtahisi tetemeko lolote, onyo litakuja kwa simu na redio, na mtakuwa na saa kadhaa. Lakini mkiona bahari imerudi nyuma ghafla wakati usiokuwa wa kupwa, msingoje simu, na asiende mtu kuokota samaki. Mnaondoka ufuoni na mlangoni mwa mto, kwa kuwa wimbi hupenda kuingilia hapo, mnapanda palepale mnapopanda kwa mafuriko, na hamrudi baada ya wimbi la kwanza. Mengine hufuata kwa saa nyingi. Aliye nje baharini na asikimbilie bandari, akae kwenye kina cha mita 100 au zaidi. Kwa nyinyi, basi, tsunami haihitaji mpango wa pili, ni mstari mmoja zaidi kwenye ukurasa uleule. Mto utawajia mara nyingi zaidi.

Upepo nao uandikwe mstari. Vimbunga havizoei kukaribia ikweta, kwa kuwa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuvizungusha huku, ndiyo maana tulikua tukisema ni mambo ya Msumbiji. Mwanzo wa Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, Tanzania, na pwani yetu ikapewa ilani ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Ikitolewa ilani kama hiyo, ngalawa zivutwe juu na makuti yafungwe, na hakuna safari ya “nitarudi upesi”.

Serikali: Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya majanga, pamoja na serikali kuu. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia mbili ya mapato. Hizo ni fedha za baada ya mkasa, na hugawanywa kaunti nzima. Mkitaka kalivati au njia ya juu ya kupitia mbuzi na wagonjwa, iombeni kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti, ambao lazima ufike bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba kila mwaka. Nendeni kwenye kikao cha maoni na ramani yenu na daftari. Mtu mwenye daftari la tarehe na kimo cha maji ni vigumu kumwambia “tutaangalia”.

Na sasa pesa. Mimi ningezigawa hivi. Shilingi 4,000 rangi na nguzo. 6,000 salio la simu kwa watu wa juu na wa kamati, msimu mzima. 10,000 kipaza sauti cha mkononi na tochi nne, na betri zake zisikae ndani ya tochi. 15,000 madumu, klorini, shabu na turubai mbili za kukingia vyoo. Zilizobaki, 25,000, zisinunue kitu. Zikae kwenye simu ya kikundi, zisitolewe bila watu wawili, ziwe za kukodi lori la mifugo siku nguzo nyeupe ikiguswa, na mafuta ya boti. Ndiyo, ya boti: kaeni na kamati ya wavuvi ya BMU ya karibu sasa hivi, muandikiane kwamba mkiita watakuja na chombo na nahodha anayejua maji yenye magogo, nanyi mtalipa mafuta na siku yake ya kazi. Vijana wako wanaotaka boti waende wao kuyazungumza hayo mapatano, na wawili kati yao wafunzwe na wavuvi hao kuvaa na kufunga jaketi za kuokolea. Jaketi ziombeni Msalaba Mwekundu au kwa mwakilishi wa wadi, kwa barua, kabla vuli haijaanza. Ikishaanza kila mtu atakuwa anaziomba.